Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Kuigeuza Riwaya Kuwa Filamu

Wengi wanaoingia katika kazi hii hukimbilia sura: huandika kimo, rangi na umri wa mhusika, kisha wakaita usaili. Nakushauri uanze na usemi, kwani kila msomaji ameshajichorea mhusika wake kichwani na hutaweza kuwaridhisha wote, ilhali maneno ya mhusika wameyasoma yale yale.

Itazame Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999, ambayo filamu yake, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Ni hadithi ya Unguja ya miaka ya 1950, ambamo Yasmin, binti wa Kihindi, anaikimbia ndoa ya Bwana Raza na kupata hifadhi kwa Mwajuma huko Ng'ambo, sehemu ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe. Nafasi ya Mwajuma alipewa Siti Amina, mwimbaji wa Zanzibar, na kwa maoni yangu uamuzi huo unastahili kuchunguzwa sana, kwa kuwa lafudhi na utani wa mwanamke wa Ng'ambo havifundishiki katika majuma machache ya mazoezi.

Kwa hiyo, katika usaili usimpe mtu hotuba ya kukariri. Mketishe na mwenzake, wape majibizano ya ukurasa mmoja, na umsikilize hasa anapokatizwa. Kisha chagua aya ambayo riwaya inaeleza mawazo ya mhusika, umwombe aiigize bila kutamka neno, labda huku akikunja kanga. Hapo utajua kama ameielewa, maana kamera haisomi mawazo yaliyoandikwa.

Kabla ya hayo yote, haki ya kuitohoa riwaya iwe imeandikwa na kutiwa saini.

Mandhari nayo inadai sikio. Mji Mkongwe bado una vichochoro vyake, lakini ukutani kuna viyoyozi na madishi ya setilaiti, na pikipiki hupita wakati wowote. Pitia kichochoro kwa saa ile ile mtakayopiga picha, ukiwa na fundi sauti, si mpiga picha pekee. Kuhusu mavazi, waulize bibi wa mtaa namna buibui la zamani lilivyofungwa, na mwigizaji alivae tangu siku za mazoezi, ili mwendo wake ubadilike kabla kamera haijawashwa.