Re: Kukodi motahomu (gari lenye kitanda na choo ndani) Ujerumani, mwenye uzoefu anisaidie

Mkuu usisaini chochote kwanza. Umeuliza leseni, kambi, vyakula na kile choo cha ndani ya gari, halafu mwishoni umetupia tu kwamba binti yako kashapanga mlale kambini nje ya Berlin na asubuhi muingie na hilo gari mjini kumwona mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa Lindi na kusimamishwa kwenye makumbusho ya huko. Hapo kwenye kuingia nalo mjini ndipo nilipoacha chai. Mimi nilifanya hivyohivyo, mjusi huyohuyo, na mpaka leo nikisikia neno parkingi nawaza shamba langu la Masasi.

Kimo mkuu. Kimo cha gari, hayo mengine utajifunza hukohuko.

Yale magari yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva yanacheza kwenye mita tatu, mengine yanapita. Sasa ukishakaa kwenye usukani hulioni hilo paa, mbele yako kuna kioo cha kawaida na mikono inakwambia unaendesha Hiace. Sisi huku cha kugusa paa ni tawi la mkorosho basi. Kule parkingi za chini ya majengo nyingi zinaishia mita mbili, wameandika 2,0 m kwenye duara lenye ukingo mwekundu, na anayekupeleka mpaka mlangoni ni ramani ya simu ambayo inadhani una IST.

Pembeni yangu alikaa shemeji. Kaishi Ujerumani miaka na miaka, nikajua nimepata mwenyeji. Namuuliza hii alama vipi, ananijibu "hiyo ya malori, pita". Nikapita. Ukasikika mkwaruzo mrefu juu, mimi nikadhani tumegusa kitu chini nikafanya kama niko kwenye mchanga wa Msimbati, nikaongeza moto. Ndo nikalimalizia. Kidirisha cha paa kikabaki kinaning'inia kwenye waya, kiyoyozi kimehama, paa limefunguka kama kopo la samaki, nyuma kuna foleni inapiga honi, kugeuza hakuna, na shemeji kashuka anaongea na simu, sijui hata alikuwa anampigia nani. Yule mjusi ana mita 13.27 kwenda juu na waliomsimamisha walijua paa lao linaishia wapi, mimi na vimita vyangu vitatu nimeshindwa.

Njoo kwenye bima. Dada wa pale tulipokodi alituambia ni bima kubwa, kila kitu kimo. Kimo ndicho hakikuwemo! Kurasa za nyuma za mkataba, maandishi ya kutafutia miwani, zinasema ukigonga paa baada ya kupuuza alama huo ni uzembe mkubwa na bili inaweza kukurudia wewe. Dhamana yuro 1,500 ikaliwa yote, halafu ikaja barua ya zaidi ya 3,000 juu yake. Piga hesabu hiyo kwa korosho ghafi uone msimu mzima wa mtu ulivyolala juu ya paa la plastiki. Shemeji alichangia mawazo.

Na siku haikuishia hapo, mvua ikaanza. Kambini tumefika saa saba na robo mchana, geti limefungwa, kumbe kambi nyingi kule saa saba mpaka saa tisa ni muda wa kupumzika, gari haliingii hata kama lako halina paa. Tukakaa nje mama watoto kashikilia nailoni kwenye lile tundu mpaka mikono ikafa ganzi. Usiku beseni katikati ya kitanda, na kuanzia saa nne kelele marufuku, kwa hiyo shemeji nilimgombeza kwa kunong'ona.

Sasa sikiliza. Kabla gari halijatoka uani omba kadi yake, angalia namba 20, hapo kimo kimeandikwa kwa milimita. Usikiamini moja kwa moja maana kiyoyozi au dishi likifungwa baadaye linaweza lisiwemo kwenye hiyo hesabu, chukua tepu upime mwenyewe mpaka kitu cha juu kabisa, ongeza sentimita 20, andika kwa namba kubwa ubandike mbele ya dereva. Kila geti, kila daraja fupi, kila sheli yenye paa, abiria ashuke atazame kwa nje. Abiria asiwe shemeji.

Mjini liache gari kambini mpande treni. Katikati ya Berlin lenyewe linadaiwa stika ya kijani, ile ya kuonyesha gari halitoi moshi mchafu, na stesheni ya makumbusho inaitwa Naturkundemuseum, laini ya U6, huwezi kupotea. Sisi tulienda hivyo kesho yake. Kwa mtu wa Lindi inauma kidogo, ile mifupa imechimbwa 1909 mpaka 1913 na babu zetu wakaibeba kichwani mpaka bandarini kwenu, leo unalipa kiingilio.

Leseni ya Bongo kwa mgeni inatumika miezi sita, beba tafsiri ya Kijerumani au ile ya kimataifa, na gari na mizigo visizidi tani 3.5. Choo wataeleza wengine, mimi sitaki hata kukumbuka. Tepu nunua hapohapo Lindi, ile ya chuma ya mita tano, iweke kwenye begi kubwa wasikunyang'anye uwanja wa ndege, na ukishapima niandikie namba hapa kabla hujawasha gari.