Mume wangu ana presha lakini ameacha dawa, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 46, ni fundi ujenzi. Juzijuzi kulikuwa na upimaji wa bure hapa stendi, presha yake ikasoma 172/106. Kituo cha afya walirudia siku nyingine, bado ikawa juu, akaandikiwa amlodipine na bendroflumethiazide. Amemeza wiki mbili kaacha. Anasema haumwi popote, na wenzake saiti wamemwambia dawa za presha zinamaliza nguvu za kiume. Kwa nini wanaume wako hivi? Mimi mtoto akikohoa tu nipo zahanati. Nimefikiria nimsagie vidonge nimwekee kwenye uji bila kumwambia. Vitamdhuru?
Mama wa watatu, Morogoro

JIBU: Marahaba. La uji kwanza: usifanye. Dawa hizi zinashusha presha kweli, na akichanganya na vidonge vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kiholela anaweza kupata kizunguzungu akiwa juu ya mirunda. Siku akianguka, daktari atakayempokea ataambiwa mgonjwa hatumii dawa yoyote. Halafu ni mwili wake. Akija kugundua, hatameza tena kidonge chochote, na uji wako pia ataukwepa.

Sasa hilo la wanaume. Wewe zahanati uliizoea ukiwa mzima. Ulipokuwa mjamzito, kila hudhurio walikupima presha, mkojo na wingi wa damu, hata kama huumwi kitu. Zikafuata chanjo, uzito wa mtoto, uzazi wa mpango. Mumeo huenda aliitwa mara moja tu, aje kama mwenza, akapimwa VVU na kaswende, basi. Tangu hapo hakuna aliyemwita. Kwake hospitali ni mahali mtu anapopelekwa, tena akiwa hajiwezi.

Na presha ya juu haiumi. Fundi kipimo chake cha ugonjwa ni kazi: kama leo amebeba mifuko ya saruji, anaumwa nini? Ongeza kwamba kliniki ya presha sehemu nyingi ina siku yake maalumu, asubuhi, na foleni ni ya kusubiri. Kibarua asipoonekana saiti mapema, nafasi yake kapewa mwingine na hela ya siku imekwenda. Yapo pia malezi ya "jikaze, wewe mwanaume", ila nadhani tunayasingizia kupita kiasi. Wanaume hao hao wanaokwepa foleni ya zahanati wanatoa pesa bila kusita kununua vumbi la Kongo. Afya wanaijali, kwa upande ule unaowauma.

Kwa hiyo tuingilie upande huo huo, maana hofu ya mumeo ina ukweli ndani yake. Kati ya dawa zake mbili, bendroflumethiazide inajulikana kuwapunguzia nguvu baadhi ya wanaume. Waingereza waliliripoti hilo tangu 1981 katika jaribio kubwa la dawa za presha. Amlodipine haina sifa hiyo, wala losartan, dawa nyingine ya presha. Bendroflumethiazide pia inaongeza mkojo, jambo ambalo kwa mtu anayeshinda juu ya jengo ni kero tosha ya kumfanya aache. Zote mbili zinaweza kujadiliwa na kubadilishwa. Tatizo ni kwamba mwanaume akipata shida chumbani hamwambii daktari. Anaacha dawa kimyakimya, nasi tunaandika kwenye kadi kwamba mgonjwa ni mzembe.

Maneno ya saiti nayo yana nguvu yake. Mwaka 2003 Waitaliano walichapisha utafiti wa wagonjwa wanaume waliopewa atenolol, dawa nyingine ya presha na moyo. Wasiojua wamepewa dawa gani, kama 3 kati ya 100 walilalamika kupungukiwa nguvu. Walioambiwa jina la dawa na kwamba inaweza kuleta shida hiyo, walifika 31 kati ya 100. Dawa ile ile.

Lililo muhimu zaidi, na ndilo ningependa alisikie, ni kwamba presha yenyewe inaharibu nguvu za kiume. Kusimama kwa uume ni kazi ya damu kuingia kwa wingi kupitia mishipa yenye upana wa milimita 1 hadi 2. Ile ya moyo ina 3 hadi 4. Presha ya muda mrefu inakakamaza kuta za mishipa, na ile myembamba ndiyo inayoanza kushindwa. Ndiyo maana mwanaume wa umri wake akinieleza kwamba nguvu zimepungua, namfunga kipimo cha presha na kumpima sukari kabla ya kuandika chochote. Shida ya chumbani mara nyingine hutangulia shida ya moyo kwa miaka kadhaa.

Usimwambie "utakufa utuache". Ameshalisikia. Mwambie dawa inaweza kubadilishwa ile inayomtia wasiwasi, na kwamba atameza mara moja tu kwa siku. Akienda, aombe kuongea na mhudumu faragha, aulizie kama anaweza kupewa dawa za miezi miwili kwa mkupuo, na apimwe sukari, mkojo na figo. Kama yupo rafiki yake wa saiti anayetumia dawa na yuko vizuri, huyo atamshawishi kuliko mimi na wewe.

Kabla ya hapo, apimwe tena hata duka la dawa la jirani jioni akitoka kazini. Akae dakika 5 bila kuongea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, na awe hajavuta sigara wala kunywa kahawa kwa nusu saa. Wapime mara mbili, wakipishanisha dakika moja, na aandike namba zote. Ikisoma 180/120 au zaidi hata baada ya kurudiwa, aende kituoni siku hiyo hiyo. Ikiwa pamoja na hiyo kifua kinabana, macho hayaoni vizuri, mdomo umepinda au mkono mmoja umelegea, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane, na ubebe pakiti za dawa alizoacha.