Swichi ya kupandisha nyuma ya Discovery 2 kwa mkono: nilivyofunga yangu

Mkuu, umeuliza kama inafaa kufunga swichi ya pembeni ili upandishe mwenyewe nyuma ya Land Rover Discovery 2 yako, ile inayobebwa na mifuko ya hewa nyuma, kwa sababu kila asubuhi unalikuta gari limekalia matairi na fundi anasema sensa ya kupima urefu wa gari ni ghali. Inafaa, na kwenye langu ninayo. Ila soma mpaka mwisho kabla hujakata waya wowote, maana mimi niliunguza kompresa (pampu inayojaza mifuko hewa) ndipo nikaelewa.

Nilikuwa natoka Korogwe kwenda Moshi, mama yupo nyuma na magunia mawili ya mchele. Tulipofika Hedaru nyuma ikalala kabisa. Fundi niliyempata pale akachomoa rilei ya kompresa (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), akaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya. Kompresa ikanguruma vizuri, sote tukafurahi. Dakika tano, kumi, gari halijainuka hata kidole. Kisha tukasikia harufu ya waya unaoungua kutoka chini upande wa kushoto. Basi, tukaenda mpaka Same mwendo wa kutembea, mama ameshika kiti kwa mikono miwili.

Kosa lilikuwa wapi? Kompresa peke yake haipandishi gari. Kati yake na mifuko ya hewa kuna valvu mbili, moja ya kila upande, na zisipopata umeme zinakaa zimefungwa. Ndiyo maana gari lisilovuja linaweza kukaa usiku kucha limezimwa bila kushuka. Valvu ya tatu ni ya kutolea hewa nje. Kwa hiyo kupandisha ni kompresa pamoja na valvu mbili za mifuko. Kushusha ni valvu hizo hizo mbili pamoja na ile ya kutolea.

Kwanza ziba panapovuja. Swichi haizibi hewa. Changanya sabuni na maji, pandisha gari, paka kwenye mikunjo ya mfuko na kwenye viungio vya mipira, uangalie povu. Mifuko hii inachanika pale pale kwenye mkunjo, na ufa hauonekani mpaka gari liwe juu. Ukifunga swichi juu ya mfuko unaovuja, utaibonyeza kila siku mpaka kompresa ife. Ikiwa mifuko ni mizima ila sensa ya urefu inadanganya, hapo swichi ina kazi ya kweli.

Sasa waya. Kompyuta inayoongoza hewa kwenye gari hili ndiyo hiyo hiyo inayoongoza breki za ABS, kwa hiyo usimruhusu mtu akate waya karibu nayo. Mimi nilifanyia kazi mbali nayo, betri ikiwa imechomolewa. Kabla ya hapo nilipima kwa mita kila waya, nijue kompyuta inatuma chanya au inatuma hasi. Usikubali kuambiwa "zote ni chanya tu", pima. Maelezo yanayofuata ni ya waya ambao umeupima ukakuta unatumiwa chanya. Ukikuta hasi, mguu wa 87 wa rilei nitakaoutaja hapa chini unakwenda kwenye bodi ya gari badala ya kupata umeme.

Nilitumia rilei nne za miguu mitano: moja ya waya unaoamsha rilei ya kompresa, mbili za valvu za mifuko, moja ya valvu ya kutolea. Namba za miguu zimeandikwa kwenye rilei: mguu wa 30 unakwenda kwenye kifaa, 87a unarudi kwenye waya wa kompyuta, 87 unapata umeme kupitia fyuzi (mimi nimeweka ya 7.5A). Ukiwa hujabonyeza kitu, gari linajiongoza lenyewe kama lilivyotoka kiwandani. Ukibonyeza, kompyuta inakatwa kwanza ndipo umeme wako unaingia, haviwezi kukutana. Taa ya hitilafu inaweza kuwaka kwa sababu kompyuta imeona waya umekatika.

Mtego uko kwenye valvu mbili za mifuko, kwa kuwa zinahitajika kote, kupandisha na kushusha. Nilipozifunga mara ya kwanza kienyeji, nikibonyeza "shusha" kompresa nayo inanguruma, hewa inaingia huku na kutoka huku. Umeme ulikuwa unarudi nyuma kupitia waya wa pamoja. Dawa yake ni dayodi mbili (dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu), za namba 1N4007 zinatosha kabisa: moja kutoka kitufe cha kupandisha kwenda kwenye koili za rilei za valvu, nyingine kutoka kitufe cha kushusha kwenda hapo hapo. Mstari mweupe wa dayodi uelekee kwenye rilei. Chomelea kwa risasi, usisokote na kufunga tepu, maana kule chini ni matope na maji.

Swichi yenyewe iwe ya kubonyeza na kuachia, ile inayorudi katikati. Ya kuwasha ikabaki, kama za taa za ukungu, usiiweke. Mtoto akiigusa umepoteza kompresa. Umeme wake uutoe kwenye waya unaowaka ufunguo ukiwa umewashwa tu. Mimi nabonyeza sekunde 30, naachia, naangalia urefu, naipumzisha.

Bonyeza gari likiwa limesimama. Valvu zote mbili zikifunguka pamoja, hewa inaweza kuhama kutoka upande ulioelemewa kwenda wa pili, na kwenye kona gari litaelemea upande mmoja. Na nakusihi, usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na hewa, hata kuokota spana. Weka stendi kwenye chesisi kwanza. Kitufe cha kushusha kinashusha nyuma yote, hakijui kama wewe uko chini.

Kama unabeba mizigo kila siku, kuna njia nyingine: Discovery 2 nyingi za viti vitano zilikuja na springi za koili nyuma, na zinaingia kwenye za viti saba. Mimi nimebaki na hewa kwa sababu mama ana mgongo.

Ukishapima, weka hapa rangi za waya na ulichosoma kwenye mita, tuangalie pamoja kabla hujakata.