Kukopa ili kulipa ada ya Januari: jibu la mzazi wa Moshi

Dada yangu, umeeleza kwamba mwanao amemaliza darasa la saba, amepata nafasi katika shule binafsi ya bweni, nawe unafikiria kukopa ili ulipe ada ya Januari. Mimi ninauza nafaka katika soko la Mbuyuni, mume wangu analima kahawa Kibosho, na watoto wetu wamesoma shule za serikali na za binafsi.

Ushauri wangu ni kwamba usikope kabla hujajua ada ya kidato cha pili itatoka wapi. Ada ya kwanza hupatikana, kwa kuwa ndugu wanaopanda nyumbani kwa Krismasi huchangia kwa moyo, lakini mwakani kila mmoja ana wa kwake wa kusomesha, na anayerudishwa nyumbani kufuata ada katikati ya muhula ni mtoto.

Chukua fomu ya kujiunga uisome hadi ukurasa wa mwisho. Chini ya ada utakuta godoro, shuka, ndoo, jembe lenye mpini, rimu ya karatasi, sweta linalouzwa shuleni peke yake, fedha ya tahadhari (ya kufidia vitu vya shule vikiharibika) na michango ya mitihani ya kujipima. Jumlisha vyote pamoja na nauli za likizo, kisha vile vinavyorudi kila mwaka vizidishe kwa miaka minne.

Kahawa huvunwa kuanzia katikati ya mwaka, na malipo ya ushirika mara nyingi huja kwa awamu, ilhali shule hudai sehemu kubwa Januari. Wazee wetu walisomesha kwa kahawa, lakini kihamba, yaani shamba la ukoo, kilichokwisha kugawanywa kwa wana hakiwezi tena kubeba mzigo huo peke yake. Kwa sababu hiyo tulimwendea mhasibu wa shule kabla ya kufunga mwaka, tukaomba awamu zinazofuata mavuno yetu, na makubaliano yakaandikwa na kugongwa muhuri. Shule nyingine ilitukatalia, tukaachana nayo.

Kwa upande wa serikali, ada iliondolewa hadi kidato cha nne tangu Januari 2016 (awali kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka na bweni 70,000), na kidato cha tano na cha sita kikafuata katika mwaka wa fedha 2022/23. Sare, madaftari na nauli bado ni vya mzazi, na chakula cha mchana ndicho kinachotutoa jasho. Katika shule ya kata alikosoma binti yetu, kikao cha wazazi kilikubali kwamba asiye na fedha taslimu alete mahindi na maharage kwa debe, na watoto waliokuwa wakishinda njaa wakaanza kula.

Ikiwa lazima ukope, kopa kwenye VICOBA yako, yaani kikundi chenu cha kuweka na kukopa, ambako wanakufahamu. Mikopo ya kausha damu, yenye riba kubwa na inayoshikilia kadi ya benki au hati ya kihamba, iepuke kabisa. Hesabu ikigoma, na jina la mwanao likiwa limo kwenye orodha ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, mpeleke aripoti mapema katika shule aliyopangiwa, na fedha uliyokwisha kuiweka imnunulie vitabu na kumlipia chakula cha mwaka mzima.