Clos de Vougeot: mkuu, rudisha hiyo kadi ya benki mfukoni

Usilipe kwanza! Umesema umeona Clos de Vougeot, mvinyo mwekundu wa Burgundy Ufaransa wenye jina la shamba lake, dukani yuro 150, lebo ina picha ya jumba la watawa, unataka chupa mbili za harusi ya dada yako, na ukauliza historia yake na inavyotengenezwa. Nimesoma tumbo likanikata, maana hilo shimo nimeshalitumbukia, tena na hela za watu.

Nilikuwa jikoni kwenye mgahawa mmoja Lyon, mpishi mkuu anastaafu, tukachangishana. Mweka hazina nani? Mimi, Mbongo pekee, si tunajulikana kwa kamati za michango. Nikaingia duka la mvinyo, muuzaji kavaa skafu humo humo ndani, akaniambia shamba lote lile ni Grand Cru, yani daraja la juu kabisa la mashamba ya Burgundy, huwezi kukosea. Mtu akikwambia huwezi kukosea, kimbia. Nikabeba 3, yuro 420 zikaenda.

Siku ya kumuaga mzee akapokea, akacheka, picha ya jumba hata hakuiangalia. Kidole gumba kikateremka mpaka chini kabisa ya lebo, kwenye yale maandishi madogo kama ya mkataba wa mkopo, akasoma, akauliza taratibu, "Huyu ndo nani?" Jikoni nzima ikanigeukia. Tukafungua moja: imepauka, kali kama ukwaju, harufu hamna. Akaimaliza glasi yake kwa heshima na hiyo ndo iliniuma kuliko angeitema. (Mbili zilizobaki nilipikia nyama. Ng'ombe hakulalamika.)

Mzee ndo akanifungua macho kuhusu kitu ambacho yule wa skafu alikijua vizuri tu akanyamaza. Watawa wa monasteri ya Cîteaux walianza kulima hapo karne ya 12, kufikia 1336 wakawa wamelizungushia ukuta, ndo maana ya hilo neno clos. Enzi hizo shamba moja, mwenyewe mmoja. Mapinduzi ya Ufaransa yakawanyang'anya, likauzwa 1791, bado likabaki shamba moja mpaka 1889 lilipoanza kukatwa vipande, wakauziana, warithi wakagawana, sa hivi hekta 50 tu zina wenyewe kama 80, mwingine ana mistari michache kama matuta ya mchicha nyuma ya nyumba. Na kila mmoja anachuma kivyake, anachachusha kivyake, afu wote wanaandika Clos de Vougeot. Yani ni kama ukoo mzima unatumia kitambulisho kimoja.

Tena ardhi yenyewe haifanani. Juu karibu na jumba udongo ni mwembamba wa chokaa, maji yanapita. Chini kwenye barabara ya Dijon kwenda Beaune ni mfinyanzi mzito, mvua ikinyesha maji yanatuama. Sheria haijali, juu na chini wote Grand Cru. Lakini usidhani dawa ni kuulizia juu, maana huko huko juu mvivu anayeacha mizabibu izae hovyo atakuuzia maji ya rangi, na chini kuna mtu makini atakupa kitu cha maana. Kwa hiyo jina la MTENGENEZAJI kwanza, shamba linafuata. Hata mwaka wa chupa usiuangalie kabla hujajua nani kaitengeneza.

Na lile jumba siku hizi halitoi hata tone, ni la kutembelea na karamu za Chevaliers du Tastevin, chama cha wapenzi wa mvinyo wa Burgundy, ndani yamebaki mashine makubwa ya mbao ya kukamulia zabibu. Kuliweka kwenye lebo ni kukupiga changa la macho.

Kutengeneza ni zabibu za Pinot Noir, zinachacha pamoja na maganda, zinalala kwenye mapipa ya mwaloni mwaka na zaidi, ila hayo hayakusaidii kitu kama hujui pipa ni la nani. Kwa watengenezaji, Méo-Camuzet wana kipande jirani na jumba, Château de la Tour ndo wenye eneo kubwa kuliko wote, ila bei zao kaa chini kwanza. Kwa yuro 150 mimi ningechukua Vosne-Romanée, mvinyo wa kijiji jirani, ya kawaida ya mtengenezaji anayejulikana, harusi ipite salama.

Rudi dukani upige picha sehemu ya chini ya lebo, ile yenye maandishi madogo ya jina la mtengenezaji, uitupie hapa. Ya jumba baki nayo.