Kabla Hujamvisha Mtoto Miwani ya VR Likizoni

Likizo ikikutana na mvua, au na jua ambalo hakuna anayetaka kutoka nje, ukumbi wa gemu za uhalisia pepe (VR), zile zinazochezwa kwa miwani inayofunika macho na kukuingiza kwenye dunia ya kompyuta, hujipendekeza wenyewe. Uko ndani ya jengo, una ubaridi, na watoto wa shule huuona kuwa ni zawadi kubwa kuliko vivutio vingi mlivyopanga. Familia yetu huingia humo karibu kila tunaposafiri tukaukuta. Nawaandikia wazazi, shangazi, wajomba na mabibi wanaotaka kuwapeleka watoto kwa mara ya kwanza, kwa sababu najua furaha inayopatikana humo, na najua pia kwamba inaweza kugeuka kichefuchefu ndani ya dakika chache.

Ukisoma jambo moja tu hapa, liwe hili: mtoto akishavaa miwani hakuoni, na akianza kujisikia vibaya hatakuambia. Anajua akisema, zamu yake imekwisha, na amekuwa akiisubiri tangu asubuhi. Atavumilia. Kwa hiyo uamuzi wa lini avue miwani ni wako, na mkubaliane kabla hamjaingia: "Nikikuambia toka, unatoka, na hujaadhibiwa." Kwangu sentensi hiyo imezuia machozi mengi kuliko ushauri wowote nilioupata kwa wahudumu.

Chanzo cha kujisikia vibaya ni rahisi kueleweka, na watoto wenyewe hupenda kuelezwa. Ndani ya sikio kuna kiungo cha mizani chenye majimaji, kinachoupa ubongo habari kama mwili unasogea au umetulia. Ndani ya miwani, macho huona unaruka juu ya milima, huku sikio likishikilia kwamba umesimama palepale. Ubongo unapokea habari mbili zinazopingana, na tumbo ndilo linalolipa. Mtoto anayetapika kwenye basi au kwenye gari akisoma kitabu huwa kwenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa mgongano ni uleule, umegeuzwa tu upande. Kama unaye mmoja wa aina hiyo usimnyime, ila mchagulie gemu kwa uangalifu.

Na hapa kwenye kuchagua gemu ndipo ningependa mzazi atulie kidogo. Wahudumu wengi hupanga gemu kwa majina na picha: magari, vita, papa, mizimu. Wewe zipange kwa mwendo. Kundi la kwanza ni gemu ambazo dunia yake haisogei. Mchezaji anasimama mahali pamoja, na hatua anazopiga ndani ya gemu ni zile anazopiga kweli kwa miguu yake. Beat Saber, ile ya kukata vipande vinavyokuja kwa mdundo wa muziki, iko kundi hili. Job Simulator, ambapo mtoto anajifanya mpishi au karani na kutupa vitu huku na kule, iko humo pia, na gemu za kuchora hewani vilevile. Kundi la pili ni gemu zinazokusafirisha ukiwa umesimama au umeketi: kuruka angani, mbio za magari, treni za kupanda na kushuka kwa kasi, na kutembea kwa kusukuma kijiti cha kidhibiti kwa kidole gumba. Kundi hili la pili ndilo linalotapisha. Kwa bahati mbaya ndilo pia linaloonekana la kusisimua zaidi kwenye mabango, na watoto huliomba kwanza. Mimi sikubali. Kila mtoto wangu huanza na kundi la kwanza, na la pili huja mwishoni kabisa, kwa muda mfupi, tumbo likiwa tayari limeonyesha limekubali.

Kuna viti vinavyotikisika pamoja na picha. Wengine husema kutikisika huko kunasaidia kwa sababu mwili nao unahisi mwendo. Kwa watoto wangu msaada huo umekuwa mdogo sana, hasa kiti kinapochelewa nyuma ya picha.

Suala la umri lina majibu tofauti kwa kila mtengenezaji, na ni vizuri kuyajua kabla hujabishana na mhudumu mlangoni. Meta, wanaotengeneza miwani ya Quest, walikuwa wakitaka mtumiaji awe na miaka 13. Mwaka 2023 walifungua mlango kwa watoto kuanzia miaka 10, kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Sony wanasema miaka 12 kwa miwani ya PlayStation. Kumbi nazo huweka viwango vyao, na vingine viko chini ya hapo. Pigeni simu siku moja kabla, muulize umri wa chini na aina ya miwani wanayotumia. Si vizuri mtoto wa miaka 7 asafirishwe hadi mlangoni halafu aambiwe akae aangalie wakubwa wake. Kama una watoto wa rika mbalimbali, tafuta ukumbi wenye michezo mingine ya kawaida ili mdogo naye awe na lake la kufanya.

Umri una sababu ya kimwili pia, nayo ni umbali kati ya mboni za macho. Kwa mtu mzima wastani wake ni karibu milimita 63. Mtoto wa miaka 7 au 8 mara nyingi hajafikisha 58, na miwani kama Quest 2 ina hatua tatu tu za umbali kati ya lenzi zake: 58, 63 na 68. Maana yake ni kwamba kwa mtoto mdogo hata hatua ya chini kabisa inaweza kuwa pana, picha ikawa na ukungu na macho yakachoka upesi. Mwombe mhudumu aiweke lenzi kwenye hatua ya chini kabla ya kumvisha mtoto; wengi huiacha ilivyokuwa kwa mteja aliyetangulia. Kisha muulize mtoto kama anaweza kusoma maandishi yaliyo mbele yake. Akisema anaona ukungu, gemu isianze. Pandisha miwani juu kidogo, shusha, kaza mkanda wa nyuma ukae chini ya kisogo, mpaka maandishi yasomeke vizuri. Miwani ile ina uzito wa karibu nusu kilo (Quest 2 ni gramu 503), na ikikaa vibaya uzito wote huangukia kwenye mashavu na shingo.

Nywele zilizofungwa fundo juu ya kichwa huzuia mkanda kukaa, kwa hiyo zifungwe chini, shingoni. Viatu viwe vya kufunika vidole. Anayevaa miwani ya macho aingie nayo kama inaenea, ila avue zote mbili kwa pamoja ili kioo kisikwaruze lenzi.

Usafi ni jambo ambalo siwezi kulipita haraka. Sponji inayogusa uso imeguswa na nyuso nyingi siku hiyo, zenye jasho. Angalia kwa macho yako mhudumu akiifuta kabla ya kumvisha mwanao, na ukiona imelowa, omba nyingine. Kumbi nzuri hutoa barakoa nyembamba za kuvaa chini ya miwani, au hutumia mfuniko wa plastiki laini unaofutika kirahisi. Mtoto mwenye macho mekundu yanayotoa uchafu asiingie kabisa, kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake. Watu huona aibu kuuliza mambo haya. Uliza. Mhudumu anayejali kazi yake hajawahi kunikasirikia kwa swali hilo.

Saa ya kwenda nayo ina uzito wake. Likizoni tunabana ratiba, na ukumbi huu hutupwa jioni, baada ya matembezi ya mchana kutwa, au asubuhi moja kabla ya safari ya gari. Zote mbili ni saa mbaya. Mtoto aliyechoka, au aliyelala vibaya baada ya ndege ya usiku, hupata kizunguzungu upesi, na kizunguzungu hicho humfuata hadi ndani ya gari. Nenda asubuhi ya siku isiyo na safari, akiwa amekula chakula chepesi saa moja au mbili kabla. Tumbo tupu ni baya kama tumbo lililojaa. Siku za katikati ya wiki foleni ni fupi, na mhudumu ana nafasi ya kumwelekeza mtoto bila kuharakishwa na kundi la sherehe ya kuzaliwa linalosubiri nyuma yake.

Kuhusu muda, watengenezaji wenyewe hushauri mapumziko ya dakika 10 hadi 15 kila baada ya nusu saa. Kwa mtoto wa shule ya msingi mimi hukata zaidi: raundi ya kwanza dakika 10 tu, kisha anavua, anakunywa maji, anakaa. Kumbi nyingi huuza nusu saa au saa nzima kwa kila mchezaji, basi uliza kama nusu saa moja inaweza kugawanywa kwa watoto wawili wanaopokezana. Mara nyingi hukubaliwa, kila mmoja anapata mapumziko wakati mwenzake anacheza, na yule aliye nje hufurahi kumwelekeza aliye ndani karibu sawa na kucheza kwenyewe.

Wakati anacheza, kazi yako ni kumtazama yeye. Skrini ya ukutani inayoonyesha anachokiona ni ya kuvutia, na wazazi wote huishia kuikodolea. Mtazame usoni na mikononi: jasho jembamba juu ya mdomo, midomo kupoteza rangi, kupiga miayo, kumeza mate mara kwa mara, kushika tumbo. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni kimya. Mtoto aliyekuwa akipiga kelele za furaha akinyamaza ghafla na kusimama wima, mtoe. Usimshike bega kwa ghafla, maana kwake ni mkono usioonekana unaotoka hewani. Mwite kwanza kwa jina, mwambie unakuja, ndipo umguse.

Hofu ni sura nyingine ya jambo hilohilo. Alama za umri kwenye gemu, kama 3, 7 na 12 za PEGI barani Ulaya, ni mwanzo mzuri wa kuchuja. Lakini buibui ambaye kwenye televisheni yuko mita tatu mbali, ndani ya miwani yuko kwenye goti. Ubao mwembamba juu ya ghorofa, bila damu wala mnyama, umewahi kumliza mtoto wangu mkubwa ambaye haogopi sinema yoyote. Mwaka 2009 Kathryn Segovia na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti uliohusu watoto wadogo na uhalisia pepe; baadhi ya wanafunzi wa shule ya msingi walioonyeshwa taswira za wao wenyewe wakiogelea na nyangumi walikuja kuamini kwamba walifanya hivyo kweli. Tangu niliposoma habari hiyo, swali langu kwa kila gemu limekuwa: je, ningependa mwanangu akumbuke kwamba hili lilimtokea? Nyangumi, ndiyo. Maiti zinazotembea zikimkimbiza gizani, hapana, hata kama binamu zake wote wanaingia.

Ndiyo maana namtaka mtu mzima aingie kwanza. Dakika tatu tu ndani ya gemu ileile zitakuambia kuna nini, sauti iko juu kiasi gani, na kitu gani kinatokea kwa kushtukiza. Kisha mfundishe mtoto njia ya kutoka kabla hajaihitaji: fumba macho, simama, inua miwani kwa mikono miwili. Mwache aijaribu mara moja gemu ikiwa bado haijaanza. Mtoto anayejua kwamba anaweza kutoka wakati wowote huthubutu zaidi na huogopa kidogo.

Kuna mtoto ambaye hapaswi kuingia bila daktari kushauriwa: yule aliyewahi kupata kifafa au kuzimia kwa sababu ya mwanga unaomwekamweka. Maonyo ya watengenezaji hutaja takriban mtu 1 kati ya 4,000 anayeweza kupata degedege kutokana na mwanga wa aina hiyo, hata kama hajawahi kupata. Fomu ya masharti mnayopewa kusaini mlangoni huuliza hilo, tena kwa herufi ndogo. Isome yote kabla ya kuweka sahihi, na ijibu kwa ukweli.

Mkitoka, kaeni. Nusu saa ya kutembea polepole au kuketi kivulini inatosha kwa watoto wengi. Asipande baiskeli, asiogelee, na asivuke barabara peke yake wakati macho na miguu bado vinatafutana. Akilalamika kichwa, alale kidogo bila simu wala televisheni.

Na msikilize anavyosimulia alichokiona. Wenzake wakisema vitu vilikuja mpaka puani, naye akasema kwake vyote vilikuwa bapa kama picha ya ukutani, au alilazimika kufumba jicho moja ili aone vizuri, lichukulie hilo kwa uzito. Kuona kina kunahitaji macho mawili yanayofanya kazi pamoja, na mtoto mwenye jicho moja dhaifu anaweza kusoma darasani kwa miaka bila mtu kugundua. Mkirudi nyumbani, mpeleke akapimwe macho, maana tatizo hilo hutibika vizuri zaidi likigunduliwa mapema.