Chuo au uanze kwa kubeba kebo? Jibu langu refu kwa anayetaka ufundi wa jukwaa

Mkuu umeuliza maswali manne kwenye posti moja: uende chuo miaka mitatu (ukataja na vyuo viwili unavyovifikiria) au uingie moja kwa moja kwenye kampuni ya taa na sauti uanzie chini, ujifunze mixa gani (ile ya kuchanganya sauti) na meza gani ya taa (ile yenye vitufe vya kuendeshea taa), nini unaweza kujifunza bila hela, na kama miaka 27 ni kuchelewa ukizingatia umetoka kwenye ufundi umeme wa majumbani. Hii kazi nimeifanya muda mrefu, kumbi za tamthilia kwanza halafu matamasha, na vijana wengi wamepita mikononi mwangu, kwahiyo ntakujibu kwa urefu, vumilia.

Naanza na hili la meza maana kila mtu anaanzia hapo na ndo linalowapotezea watu muda. Usianze na meza. Meza zinabadilika kila baada ya miaka michache, kampuni hii ina ya aina hii na ukumbi ule una ya aina nyingine, ila umeme, signali na uzito viko vilevile popote utakapoenda. DMX512, yaani ile lugha meza inayotumia kuongea na taa, ilianza mwaka 1986 na mpaka leo bado taa zinaisikiliza. Mtu aliyeshika hayo mambo matatu vizuri anakaa kwenye meza asiyoifahamu asubuhi na usiku anaendesha shoo. Asiyeyashika, siku kitu kikigoma anabaki anabonyeza bonyeza tu huku watu wanaingia ukumbini.

Kwenye umeme wewe tayari una mguu mmoja ndani. Wati ni volti mara ampea, hiyo unaijua, sasa izoee kwa vifaa vya jukwaani. Saketi ya ampea 16 kwenye volti 230 inakupa wati 3680, maana yake taa tatu za zamani za wati 1000 zinakaa, ya nne tayari umezidisha mzigo. Ukienda nchi ya volti 120, saketi ya ampea 20 ni wati 2400, hapo ni mbili tu. Watu wanadhani LED zimemaliza hii habari kwa sababu zinakula kidogo, lakini LED nyingi zikiwashwa kwa mpigo mmoja zinavuta umeme mkubwa kwa kitambo kidogo sana na breka inaruka wakati hesabu ya kwenye karatasi ilikuwa sawa kabisa, ndo maana mafundi wazoefu wanawasha kwa mafungu. Na ujue kazi ya nyumbani unafunga mara moja unaondoka, huku unafunga leo unafungua usiku wa manane, kesho unafunga tena sehemu nyingine, plagi zinavutwa, kebo zinakanyagwa, kwahiyo kukagua kebo kabla ya kuitumia ni kazi ya kila siku na usimkubali bosi anayekwambia we chomeka tu.

Signali nikueleze kwa kitu nilichokiona. Tulikuwa kwenye ukumbi mmoja, kama nusu saa hivi kabla ya milango kufunguliwa, taa za mwisho wa mstari zikaanza kucheza cheza zenyewe, zinapepesa, zinageuka bila kuamriwa. Kijana aliyekuwa kwenye meza alikuwa anajua ile meza vizuri sana, akawa anafungua kurasa moja baada ya nyingine anatafuta kosa kwenye programu. Fundi mmoja mzee akaja, hakugusa meza kabisa. Akaenda kwenye taa ya katikati ya mstari, akachomoa kebo inayoenda mbele, akaangalia: zilizobaki nyuma zimetulia. Kwahiyo ugonjwa uko nusu ya pili. Akarudisha, akaenda katikati ya ile nusu, akachomoa tena. Mara chache tu namna hiyo akafika kwenye kebo moja, akaishika, akaangalia maandishi yake: ilikuwa kebo ya maikrofoni, mtu aliunganisha na adapta kwa sababu ya data ilikuwa fupi. Kwa macho zinafanana, ila ya data imetengenezwa kwa takriban omu 120 na ya maiki haiko hivyo, ukiiweka katikati signali inarudi nyuma inajigonga yenyewe. Akabadilisha, akaenda taa ya mwisho kabisa akakuta haina kifungio, ile plagi ndogo yenye rezista ya omu 120 inayomaliza mstari, akaichomeka. Taa zikatulia. Hakukimbia wala hakupaza sauti.

Kile alichofanya, kukata mstari katikati na kuuliza ugonjwa uko upande gani, kinafanya kazi kwenye sauti, kwenye intakomu, kwenye umeme, kila mahali, na kinafundishika. Ukitaka kupima chuo au bosi, angalia kama anakufundisha kutafuta kosa namna hiyo au anakufundisha vitufe tu.

Uzito ndo sehemu ambayo sitanii na mtu. Kitu kinachoning'inia juu ya vichwa vya watu hakisamehe. Mfano mmoja tu: umening'iniza mzigo wa kilo 200 kwa slingi mbili, yaani kamba au mikanda ya kunyanyulia. Zikiwa wima kila moja inabeba 100. Zikifunguka mpaka pembe kati yao ikawa nyuzi 60 kila moja inabeba kama 115, na zikifika nyuzi 120 kila slingi inabeba kilo 200 kamili, mzigo wote, kana kwamba mwenzake hayupo. Mzigo haujaongezeka hata gramu moja. Hesabu hii ya sekondari inatosha kumwonyesha mtu kwanini riga, yaani fundi wa kuning'iniza vitu, anabishania urefu wa slingi. Na kwenye kumbi zenye mfumo wa vyuma vya kusawazisha uzito wa vinavyoning'inia, mpangilio ni mmoja: ukipandisha mandhari (mapazia na michoro ya jukwaani), unafunga kwanza mandhari kwenye bomba likiwa chini, ndo unaweka vyuma, ukishusha, unatoa vyuma kwanza ndo unafungua mandhari. Ukigeuza, upande mmoja unakuwa mzito, kamba inakukimbia mikononi na hakuna binadamu wa kuishika. Muulize anayekufundisha sababu, akikujibu fanya tu kama nilivyosema, ogopa.

Historia ya kazi yetu imeandikwa kwa vifo mkuu. Tarehe 30 Desemba 1903 ukumbi wa Iroquois kule Chicago, jengo lina kama mwezi mmoja tangu lifunguliwe na lilitangazwa kuwa haliungui, taa ya jukwaani ilishika pazia, pazia la kuzuia moto likashushwa likakwama njiani, watu wakakimbilia milango wakakuta imefungwa au haionekani. Walikufa zaidi ya 600, wengi wao wanawake na watoto maana ilikuwa shoo ya mchana. Ukisoma chanzo chake kimoja kimoja unaona kila kimoja kilikuwa kitu cha mtu wa kazi kama yetu kukikagua. Kwahiyo ukifika ukumbi wowote mpya, kabla hujafungua boksi, tembea njia za kutokea zote, sukuma milango yote, hakikisha kesi zenu za vifaa hazizibi hata mmoja.

Sasa chuo. Mi siko kwenye timu ya wanaosema chuo ni kupoteza muda wala timu ya wanaosema bila cheti wewe si fundi. Chuo kizuri kinakupa vitu ambavyo kampuni haina muda wa kukupa: kusoma mchoro na kuuchora mwenyewe kwa skeli, kusoma tamthilia ukajua kwanini mwanga wa tukio la tatu unatakiwa utoke dirishani na sio juu, kukaa na mwongozaji na mbunifu wa mavazi mkabishana, halafu shoo ya wanafunzi ambapo jambo likienda vibaya hakuna mteja anayedai hela yake. Kampuni inakupa mwendo. Unafunga jukwaa kwa masaa machache, unafungua usiku, unajua gari linapangwaje ili kesho kinachohitajika kwanza kiwe mlangoni. Tatizo ni kwamba kuna vyuo vina majina makubwa na mwanafunzi anamaliza hajawahi kuendesha shoo nzima peke yake, na kuna kampuni zinakubebesha kebo miaka bila kukwambia kebo inaenda wapi.

Kwahiyo usiulize chuo au kampuni, uliza maswali haya matatu popote unapoenda. Nitaendesha shoo ngapi zenye watazamaji halisi kabla sijamaliza, na kwa nafasi gani? Vifaa naruhusiwa kuvigusa nje ya muda wa darasa? Wanaofundisha wanafanya kazi hii mpaka sasa au waliacha zamani? Ukipata majibu ya kuzunguka zunguka umeshajibiwa.

Cha kujifunza bila hela ni kingi kuliko watu wanavyofikiri. Programu ya meza za taa za Eos na ya grandMA zote zinapakuliwa bure kwenye kompyuta, ya kuendeshea mixa ya X32 nayo bure, QLab, ya kuendeshea sauti na video za shoo, ina toleo la bure kwa wenye Mac. Hizo za meza za taa za bure peke yake haziwashi taa halisi, ila unapanga shoo nzima kwenye skrini. Jipe zoezi: taa moja inatumia chaneli 16, yunivasi moja, yaani mstari mmoja wa DMX, ina chaneli 512, kwahiyo taa 32 zinaijaza kabisa, ya kwanza anwani 1, ya pili 17, ya tatu 33, endelea mpaka ya mwisho bila kuangalia jibu. Kwenye sauti chukua hii: kwenye joto la nyuzi 20 sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, spika ya pili ukiiweka mita 34 mbele ya ile ya jukwaani lazima uicheleweshe kama milisekunde 100, la sivyo watu wa nyuma wanasikia kila neno mara mbili. Na jifunze kukunja kebo kwa mtindo wa juu na chini, mzunguko mmoja wa kawaida, unaofuata umegeuzwa, ili ukiitupa ifunguke bila fundo. Watu wanaona kitu kidogo. Mimi nikimpokea mtu mpya nampa kebo ndefu aikunje na nakaa pembeni naangalia, hapo najua kama amefundishwa na kama ana subira.

Jambo ambalo hukuliuliza ila ntalisema: kaa hata msimu mmoja karibu na meneja wa jukwaa. Yule ndo anaita shoo nzima, ana kitabu chenye kila kyu, yaani kila badiliko la taa au sauti na namba yake, anasema stendbai taa 41, unajibu stendbai, halafu anasema taa 41, go, na hapo kwenye go ndo unabonyeza, sio kabla. Ndo maana kwenye hedseti hatusemi go hovyo hata kwenye maongezi. Nimeona mafundi wenye vidole vyepesi mno wakikosa kazi kwa sababu wanabonyeza wanapodhani ni sahihi badala ya kusubiri kuitwa, na mwigizaji anaachwa gizani katikati ya mstari wake.

Linda masikio yako kuanzia siku ya kwanza. Mwongozo wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 kwa masaa 8, na kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu, kwahiyo kwenye 100 unabakiwa na dakika 15 tu. Tamasha moja la kawaida linazidi hapo. Usikivu ukiondoka haurudi na hakuna mtu atakayekuita tena kumixi.

Kuingia kazini: mtu mpya anaangaliwa kuwahi, viatu vigumu, glovu, tochi ndogo, nguo nyeusi, na kama anauliza pale asipoelewa. Piga picha na weka kumbukumbu ya kila shoo uliyofanya, uandike ulifanya nini hasa, kama ulifunga taa andika ulifunga, usiandike ulibuni, maana ulimwengu huu ni mdogo na aliyebuni anajulikana.

Umri 27 wala usikusumbue. Fundi umeme anayejua kupima athi (waya wa ardhini) na kusoma saketi anatafutwa sana nyuma ya steji, kama walivyo seremala na fundi cherehani. Kwa hali yako mimi ningeanza na kampuni kwa msimu mmoja, nikae upande wa umeme na usambazaji, nijue kama nayapenda haya masaa ya usiku, halafu chuo niingie nikijua nafuata nini, taa au sauti au kuita shoo. Hivyo vyuo viwili ulivyovitaja, waandikie wiki hii uwaulize yale maswali matatu, wakijibu weka majibu yao hapa kwenye uzi tuyachambue na wadau wengine.